Makofi yetu yalivyokaribia kuzika kijito cha mihogo hapa Kamina

Wakuu, habari za mihangaiko.

Tafuteni mahali penye mtandao mzuri mkae, maana uzi huu una kona kadhaa na sijui kufupisha. Ninachosimulia nimekiona mwenyewe. Sehemu nyingine nimeisikia kwa ukaribu kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya spika. Majina nimeyabadilisha, kwani bado nakula bukari, yaani ugali wa kwetu, katika nyumba ya mmoja wao.

Mnijue kidogo kwanza, msije mkaniomba shahada.

Shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa. Treni ilikuwa inapita nyuma ya darasa letu, nikataka kujua inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda Luena. Huko nikabeba mizigo stesheni, nikachungulia mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, nikaridhika, nikaondoka. Nikaenda Mulongo kuona watu wanavyokausha samaki. Nikaelewa, nikaondoka. Baadaye nikawa tandiboi wa malori mpaka Tunduma na Dar, na ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachowaandikia. Kile cha kwetu mtakikuta humu ndani watu wakianza kuongea.

Ugonjwa wangu ni huo. Kazi naipenda mpaka siku nitakayoielewa.

Mwishoni nilirudi Kamina nilikozaliwa, nikiwa na begi moja na amplifaya iliyoungua ambayo mwenye baa mmoja alikuwa anaitupa. Niliifungua kwa udadisi tu, ikapona. Nikawa fundi wa sono. Sono kwetu ni vyombo vya muziki na matangazo: spika, maiki, na waya nyingi zinazomkwaza kila mgeni wa heshima. Harusi naenda, msiba naenda, mahubiri naenda.

Nakaa kwa mdogo wake marehemu mama yangu. Humu nitamwita Mama Ngoie. Ana ulimi mkali na roho nyepesi, na mimi ananiita Mutembezi hata mbele ya wageni.

Sasa tuingie kwenye kijito.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kijito kidogo. Kwenye ramani sijui kinaitwaje, sisi tunasema tu "ku mihogo". Kandokando ya maji wanawake wamechimba mashimo ya kulowekea mihogo. Ile mihogo michungu huwezi kuila hivi hivi, lazima ikae majini mpaka ilainike, ndipo inavunjwavunjwa, inaanikwa na kusagwa unga wa bukari.

Kila shimo lina mwenyewe. Halina ukuta wala kufuli, ni miti michache tu imechomekwa pembeni. Lakini hata mwizi wa Kamina, anayeweza kukuibia sufuria ikiwa jikoni inachemka, hagusi mihogo ya shimo la mtu. Mama humwachia binti yake shimo kama wengine wanavyoachiana nyumba. Mama Ngoie la kwake alilipata kwa bibi yangu. Unga wake sokoni ulikuwa mweupe kiasi kwamba wateja walikuwa wanauliza, "Wa Mama Ngoie umefika?" kabla hawajauliza hali ya mtu.

Kisha maendeleo yakafika.

Na hapa wakuu niseme ukweli, msije mkadhani mimi ni adui wa maendeleo. Mawe ya madini yalianza kushuka kwa malori kutoka upande wa Malemba-Nkulu, na kampuni moja ikajenga kiwanda cha kuyaoshea juu ya kijito chetu, kabla ya kuyapakia kwenye behewa. Mji ukaamka. Vijana waliokuwa wanahesabu magari barabarani wakapata kofia ngumu na viatu vizito. Pikipiki zikajaa. Mabati mapya yakawa yanang'aa mpaka ukipita mchana unafumba macho. Jirani yangu Mzee Radjabu, mfanyabiashara ambaye babu zake walikuja kutoka Maniema na bado anafunga duka kila saa ya sala, aliipangishia kampuni ghala lake, akaongeza ghorofa juu ya duka. Ghorofa! Tulikwenda kupanda ngazi zake kwa zamu, kuangalia mtaa wetu unavyoonekana kutoka juu.

Kutoka juu ulionekana kama mtaa wetu.

Tatizo ni kwamba mawe yakioshwa yanakuwa masafi, na ule uchafu lazima uende mahali. Ulikwenda ku mihogo. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na juu yake utando wa mafuta wenye rangi za kupendeza sana, ukisahau kwamba ni maji ya chakula.

Mihogo ya Mama Ngoie ikaanza kutoka ya kijivu, migumu katikati, inanuka gereji. Unga nao ukawa wa kijivu. Sokoni wateja wakaanza kumuuliza hali yake kwanza. Akajua mambo yameharibika.

Siku moja nilipanda na kijito mpaka kwenye kiwanda, udadisi tu. Nikakuta shimo kubwa la kutulizia maji machafu. Limejaa, linamwagika. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikasema naangalia. Akasema, "Ukimaliza kuangalia, uende." Mlinzi mzuri, sina lawama.

Baada ya hapo tukasikia habari njema. Kampuni imekiri kwamba shimo lao limejaa. Kwa hiyo wanataka kuchimba la pili.

Wapi? Juu kidogo tu ya mashimo ya mihogo, mahali ambapo wanawake wanaacha ndala zao kabla ya kuingia majini.

Lakini wasingechimba kimyakimya. Siku hizi mambo ni ya kistaarabu, wananchi lazima washirikishwe. Wenzetu wa huko mnasema public participation. Huku inaitwa consultation, na inakuja na fulana.

Fulana zilikuwa nzuri, wakuu. Nyeupe, kifuani zimeandikwa kwa herufi za kijani NINASHIRIKI. Ziligawiwa mtaa mzima kabla ya mkutano. Keshoye kila mtu anashiriki: anayechoma mahindi anashiriki, mlevi wa pale njia panda amelala chini anashiriki. Mama Ngoie alichukua mbili. Moja akaifanya ya kupangusia sufuria.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi nikaitwa kufunga sono. Mtu wa redio ya hapa mjini akanipa flash yake, akaniomba nirekodi kila kitu kuanzia mwanzo, atakuja kukata anachohitaji. Nikachomeka.

Mwenyekiti alikuwa Papa Ilunga, mkuu wa mtaa wetu, mwalimu mstaafu, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyependa kelele isipokuwa za kinanda. Mgeni alikuwa mtaalamu wa kampuni kutoka Lubumbashi, mwenye kompyuta na viatu visivyojua vumbi. Sisi tulimwita Expert, na yeye alijiita hivyo pia.

Expert alieleza kwa Kifaransa, picha zinapita ukutani. Palikuwa na mishale ya bluu, mishale ya kijani, na samaki mmoja aliyekuwa anatabasamu. Kijitoni kwetu sijawahi kuona samaki wa ukubwa ule. Akasema kampuni imechukua maji kwenye chupa ili yapimwe. Ile chupa hatujasikia ilifika wapi mpaka leo.

Papa Ilunga akatafsiri kwa Kiswahili, kwa kifupi sana: "Anasema itakuwa muzuri."

Maswali yakaruhusiwa. Mama Ngoie akasimama.

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu, bila hiyo hamtaelewa kilichofuata. Kwetu sisi Baluba mtu hafungui mdomo mbele ya wakubwa hivi hivi. Unainama kidogo, unakunja viganja, unapiga mikono taratibu: po, po, po. Unasema "vidye", yaani mheshimiwa. Wanaokusikiliza nao wanakupigia kukujibu. Kuongea bila kupiga mikono ni kama kuingia chumbani kwa baba mkwe bila kubisha hodi.

Basi akapiga, ukumbi ukamjibu. Akasema, maneno yake nayakumbuka yote:

"Vidye, bakubwa bote, nabasalimia. Minyi sina mengi. Mama yangu hakuniachia nyumba, hakuniachia shamba. Aliniachia shimo moja mu ile kijito. Ile shimo njo ilisomesha bana yangu. Leo natia mihogo, inatoka na rangi ya majivu, inanuka motoka. Sasa munasema mutachimba shimo yenu juu ya shimo yetu. Muntu anaweka choo juu ya nyungu ya mwenzake? Na kisha anamupa fulana?"

Wakuu, ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi, walipiga viti, wazee walipiga fimbo sakafuni. Spika zangu zikatetemeka bila mimi kugusa kitu.

Na ndipo Papa Ilunga akasimama. Makofi yakiwa bado ya moto, akainua mkono na kusema, "Merci, mama. Bantu bote, tumesikia, tumeelewa. Sasa tufunge. Ban!"

Ban ni yale makofi ya kupangwa. Mmoja anaita, wote wanapiga kwa mpigo mmoja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu pigo kubwa la mwisho. Sisi tunafundishwa tangu shule ya chekechea. Mwalimu akija, ban. Mwanafunzi akipata jibu, ban. Askofu akimaliza kupiga chafya, tunakaribia kupiga ban. Ikishaanza, mkono wa mtu wa Kamina haumsubiri mwenyewe. Hata Mama Ngoie alipiga. Nilimwona. Hata mimi nilipiga, na mkono mmoja ulikuwa na waya.

Pigo la mwisho lilipotua, Expert akafunga kompyuta yake na kutabasamu kama yule samaki. Papa Ilunga akatamka, "Projet imepita kwa makofi ya bote. Sasa mukunywe sucré."

Watu walikuwa wameshaangalia kwenye kreti za soda. Soda zilikuwa baridi. Mkate ulikuwa na dagaa wa kopo.

Kesho yake asubuhi tuko uani, Mama Ngoie anapepeta unga wake wa kijivu, redio iko juu ya kinu. Mtangazaji akasema wananchi wa mtaa wetu wameupokea mradi kwa furaha kubwa. Ikaja sauti ya Expert, maneno mawili matatu. Na baada yake yakaja makofi.

Yale makofi. Nilizijua hata zile fimbo za wazee.

Mama Ngoie akaacha kupepeta. "Mutembezi, ile makofi ni yangu."

"Ni yako, mama."

"Iko inafanya nini mu kinywa ya ule bwana?"

Akavua kitambaa, akafunga kingine kilicho kipya, akaenda kwa Papa Ilunga. Nikamfuata. Ningebakije?

Papa Ilunga alitupokea vizuri, akatupa viti. Mama Ngoie akapiga mikono, po, po, po, halafu akaanza kufoka. Hata akiwa na hasira, hawezi kuanza bila kupiga.

"Papa Ilunga, nani alikubali ile shimo?"

"Ninyi wote, mama. Mulipiga ban. Na weye ulipiga."

"Muliita ban, nikapiga! Weye ulikuwa mwalimu yangu, ulinifundisha kupiga ban ukisema ban. Leo unanishitaki nayo?"

"Sikushitaki. Kikao kilikuwa na jambo moja tu, projet. Bantu bamepiga makofi. Niandike nini? Kwamba balikuwa banafukuza mbu?"

"Balikuwa banapigia maneno yangu!"

"Maneno yako haikuwa mu programu, mama."

Wakuu, kwa haki, yule mzee hakuwa mwizi. Hakuna aliyemhonga kitu zaidi ya soda na mkate tuliokula wote. Ni mtu aliyeongoza mikutano miaka mingi, na katika mikutano yake yote jambo huisha kwa ban. Ikipigwa, limepita. Hajawahi kuona ban ikikataliwa, kwa hiyo hajui inakataliwaje. Na sisi pia tulikuwa hatujui.

Lakini akatuambia kitu kimoja cha maana. Kikao kile kilikuwa cha kufungua mashauri. Kuna kingine cha kuyafunga, na Expert anakuja na mtu wa kamera kutoka Lubumbashi. Ban ya kikao hicho ikishapigwa, trekta linaanza kuchimba.

Njiani Mama Ngoie alitangulia mbele yangu mpaka tulipofika kwenye duka la Mzee Radjabu. Pale akasimama.

"Hatutapiga."

"Mutaweza?" nikamuuliza. "Ikiitwa, mikono inajipiga."

"Na tukikaa bila kupiga, banasema bamama ba mtaa ile hawana adabu. Na nikisimama kusema bila kupiga mikono, Papa Ilunga ananifukuza, na iko na haki." Akatazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Mikono njo inatuuza."

Mzee Radjabu alikuwa anapanga mabeseni ya plastiki mlangoni, madogo ndani ya makubwa. Mama Ngoie akayatazama muda mrefu.

"Radjabu, ule bwana wa kampuni iko mupangaji wako?"

"Ghala yangu njo iko naye. Mupangaji muzuri, halewi."

"Ukituazima beseni, atakufukuza?"

"Anifukuze mu nyumba yangu?" Mzee akacheka. "Mama Ngoie, minyi ni muchuruzi. Beseni ikitoka, siulize inaenda kubeba nini. Lakini irudi bila harufu."

"Haiwezi kurudi bila harufu."

Akafikiri. "Basi usinirudishie."

Siku ya kikao cha pili nilifika mapema kufunga sono. Mtu wa kamera alikuwa ameshasimamisha kamera yake ya miguu mitatu mbele. Bango lilikuwa jipya, kreti za soda zimepangwa. Expert amevaa fulana ya NINASHIRIKI juu ya shati lake la mikono mirefu.

Wanawake wakaanza kuingia.

Kila mmoja alikuwa na beseni mikononi, na ndani ya beseni mihogo iliyotoka kwenye shimo lake asubuhi hiyohiyo, na maji yake. Wakakaa, mabeseni mapajani, wameyashika kwa mikono yote miwili, maana beseni lenye maji ukiliachia linamwagika. Nyekundu, kijani, bluu, ukumbi mzima ulipendeza. Kamera iliwafurahia sana.

Harufu ilifika baadaye kidogo.

Wakuu, mihogo iliyolowekwa vizuri inanuka, hilo kila aliyekulia kwetu analijua na analipenda. Lakini ile ilikuwa na ya kwake pamoja na ya gereji. Mtu wa kamera alifungua dirisha. Expert akafungua la pili. Papa Ilunga akatoa kitambaa akajipangusa jasho ambalo hakuwa nalo.

"Mama Ngoie, hii ni nini?"

"Chakula, vidye. Tulikuwa njiani kuanika, tukaona tusichelewe mu mkutano yenu. Mutusamehe, hatuwezi kubasalimia na mikono. Iko na kazi."

Angesema nini? Heshima imeombwa, samahani imetolewa. Akaendelea.

Expert alieleza upya mishale yake. Kila alipofika mahali pa kupigiwa makofi alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri lifti. Hakuna. Unasikia tu maji yakichezacheza kwenye mabeseni. Wanaume waliokaa nyuma walitazama migongo ya wake zao na kuamua mikono yao ikae mifukoni.

Mwishoni Papa Ilunga akasimama. Akainua mkono. "Ban!"

Kimya.

Nilimwona mama mmoja vidole vyake vikiruka kwenye ukingo wa beseni, akavibana tena. Mabega yanatikisika, wanawake wanazuia mikono yao kama watu wanaozuia kupiga chafya.

"Ban!" akaita tena. Mikono iliyoitikia ilikuwa ya Expert peke yake. Alipiga mara moja, akasikia alivyo mpweke, akaishusha.

Papa Ilunga alibaki amesimama mkono juu. Hakujua kikao kinafungwaje. Nilimwonea huruma ya kweli. Ni kama mchungaji aliyesema "tuombe" na hakuna aliyefumba macho.

Mtu wa kamera akasema kwa Kifaransa kwamba yeye anahitaji makofi, bila makofi filamu haina mwisho. Expert akamnong'oneza Papa Ilunga. Papa Ilunga uso ukang'aa, akanigeukia.

"Fundi! Haukubakisha ile makofi ya kikao ya kwanza?"

Nilikuwa nayo. Mtu wa redio alinakili vipande vyake akaniachia flash. Sauti ilikuwa moja tu, ndefu, mkutano mzima.

Nikasema, "Iko, papa."

"Basi weka!"

Wakuu, mimi sina shule ya kukata sauti. Najua kuwasha, kuzima, na kusogeza mbele kwa kukisia. Nikakisia. Labda nilikisia mapema kidogo.

Spika zikatoa: po, po, po.

Halafu sauti ya Mama Ngoie, kubwa kuliko yeye mwenyewe: "Vidye, bakubwa bote, nabasalimia. Minyi sina mengi."

Mama Ngoie mwenyewe amekaa mstari wa mbele, kimya, beseni mapajani, anajisikiliza. Salamu ilikuwa imepigwa sawasawa, hakuna wa kusema ameongea bila adabu. Papa Ilunga, kwa mazoea, aliinamisha kichwa kuipokea. Kamera ilikuwa inazunguka.

Shimo moja. Rangi ya majivu. Inanuka motoka. Safari hii hakuna aliyehitaji kutafsiriwa harufu.

Expert ananiashiria nisogeze mbele. Nami nabonyeza, wakuu, nabonyeza kweli, lakini amplifaya iliyowahi kuungua ina uamuzi wake.

"Muntu anaweka choo juu ya nyungu ya mwenzake? Na kisha anamupa fulana?"

Na ndipo yakaja makofi. Yote. Viti, fimbo za wazee, yote, katika ukumbi ambao hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anapiga. Yakaendelea mpaka ukasikika mwito wa ban, na ban yenyewe, mpaka pigo la mwisho. Nikazima.

Papa Ilunga alitazama wanawake, akatazama Expert, akatazama ule mkono wake ambao muda wote ulikuwa juu. Akaushusha taratibu.

"Basi," akasema, "kikao kimesikia." Akafikiri kidogo. "Lakini hakijapiga."

Na kwa mwalimu yule, lisilopigiwa halijapita. Aliishikilia sheria yake vilevile kama alivyotushikia sisi.

Soda zilinywewa, lakini kwa mkono mmoja.

Mtauliza, ikawaje? Hapa ndipo utamu unapopungua.

Trekta halikuja. Tuliambiwa mradi umesogezwa "kwa kuzingatia maoni ya wananchi". Shimo la zamani wakalitoa tope, maji yakapungua ule utando. Filamu sijaiona, sidhani kama ilipata mwisho. Mihogo ya Mama Ngoie inalainika tena, ingawa ukiuangalia unga wake juani bado una kivuli. Wateja wamerudi nusu. Ile nusu nyingine imezoea unga wa viroba kutoka Lubumbashi. Yeye anasema watarudi. Kila asubuhi anateremka shimoni kwake kabla ya wenzake, anachota maji kwa kiganja, anayanusa, halafu ndio anavua ndala.

Na shimo la pili la kampuni?

Limesogezwa upande wa pili wa kilima. Huko nako kuna kijito, na kuna mtaa wenye mashimo yake ya mihogo. Juzi nimepita, watu wote wamevaa fulana nyeupe. Wanashiriki.

Nami nimeitwa kufunga sono.

Nilipomwambia Mama Ngoie, nilidhani atanizuia. Akaingia ndani, akatoka na mabeseni yote ya Mzee Radjabu, madogo ndani ya makubwa, akayafunga kwa kitenge na kuyaweka juu ya spika zangu kwenye mkokoteni.

"Mutembezi," akasema, "si weye unapenda kwenda? Nenda. Na hii ubafikishie bale bamama. Ubaambie iko na harufu kidogo."

Somo nililopata, kwa mtu asiye na shule: siku hizi hakuna anayekuziba mdomo. Utapewa maiki, kiti, fulana na soda, na utasema yote uliyonayo moyoni. Wewe angalia tu mikono yako iko wapi wakati wa kufunga.

Wakuu, kwenu ikiitishwa mikutano ya namna hii, jambo linapitaje? Kwa kunyoosha mikono, kwa "ndiyooo", au kwa pilau? Na je, kuna aliyewahi kuona likikataliwa? Andikeni hapo chini bila kuficha. Mimi mkokoteni umeshapakiwa, nitawasoma njiani nikipanda kilima.